Msabila Apokonywe Kombora Kabla ya Harusi

Fleti 804, jengo lenye lifti iliyokufa,
Berea, Johannesburg.
28 Septemba 2017

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa,
New York, Marekani.

Mheshimiwa Mwenyekiti, pamoja na ndugu zangu wote wa kazi ya usalama,

YAH: KOREA YA KASKAZINI WAACHWE KWANZA, MSABILA APOKONYWE SILAHA

Kichwa cha habari hapo juu kinahusika, na kiwiliwili chake chote kinahusika, kwa hiyo naomba barua hii isomwe mpaka miguuni.

Mimi ni Bakiri Pazi, Mzaramo wa Kisarawe, mwana usalama wa siku nyingi. Nawaandikia kama mwenzenu kazini. Ninyi mnalinda dunia, mimi nalinda jengo la ofisi la ghorofa kumi na nne hapa Marshalltown, na bila kujisifu naomba mpime wenyewe: tangu nikabidhiwe mlango ule, hakuna kombora hata moja lililopita juu ya jengo langu. Ninyi mwezi huu huu mmepitishiwa moja juu ya Japani. Sisemi kwa kuwacheka. Nasema ili mjue kwamba anayewaandikia si mtu wa kuokotwa barabarani.

Shule niliishia darasa la sita. Sikufeli. Mwalimu mkuu alimwita mama yangu akamweleza kwamba pale shuleni hawana tena la kunifanya, na mama alirudi nyumbani akilia kwa furaha. Mengine nimejifunza kwa macho. Jengoni kwangu wanapita mawakili, mabalozi na watu wa bima, na hakuna begi lisilofunguliwa mbele yangu. Balozi mmoja, nchi yake naisitiri, aliniambia kwamba amepekuliwa Paris na amepekuliwa Dubai lakini hajawahi kupekuliwa kwa adabu kama hii.

Na kama bado mna shaka, njooni jikoni kwetu mtazame dari. Pana tundu pale, ukubwa wa sahani. Majambazi waliingia Jumapili ile baada ya Idd, dada yangu Zubeda hayupo, niko peke yangu. Nikapambana nao mikono mitupu. Mmoja akafyatua bunduki, nikainamisha kichwa hivi, risasi ikapita ikaenda kupiga dari. Mtu anaweza kusema uongo. Tundu halisemi uongo.

Baada ya kunifahamu, sasa naleta malalamiko yangu kwa namba, kama inavyotakiwa ofisini.

1. MNAINGILIA UTANI WA WATU.

Pale mapokezi kwangu pana televisheni. Uongozi umekataza isitoe sauti, ila picha tunaruhusiwa. Wiki iliyopita nimewaona wakubwa wawili, yule wa nchi iliyojifungia na yule wa taifa kubwa, wanarushiana maneno. Mpwa wangu Nusaiba, binti wa Dada Zubeda, ambaye amezaliwa hapa hapa, Kiswahili anakisikia lakini anakijibu kwa Kiingereza, ndiye aliyenieleza yaliyosemwa. Mmoja, mbele ya mkutano wenu mzima, amempachika mwenzake jina la roketi. Mwenzake akajibu kwamba huyo ni mzee ambaye akili zimeshamwagika. Ninyi mkashika vichwa. Mimi nilicheka mpaka mgeni akapita mlangoni bila kusaini, jambo ambalo halijawahi kutokea na naomba lisifike kwa bosi wangu.

Nilicheka kwa sababu yale si matusi, Mheshimiwa. Zile ni salamu.

Sisi Wazaramo tuna watani wetu, Wanyamwezi. Enzi za mababu wao walikuwa wakishuka kutoka Tabora na misafara ya pembe za ndovu. Wakifika Uzaramo wana njaa, wanaingia mashambani kwetu wanang'oa mihogo. Tukapigana. Wakachoka, tukachoka. Mshindi hakupatikana, na njia ya kwenda pwani ilikuwa ni ile ile moja. Wazee wakakaa wakaona kwamba watu waliopigana wasishindane, na bado lazima wapitane, dawa yao ni utani tu. Tangu siku hiyo Mnyamwezi anaweza kuniambia lolote na kunichukulia chochote, nami vilevile kwake, na atakayekasirika ndiye mwenye hatia. Hiyo ndiyo sheria nzima. Haina kifungu cha pili.

Sasa nawauliza. Vita vya rasi ile ya Korea viliisha lini? Nimeuliza watu wenye elimu wakaniambia havikuisha, vilisimama tu, kama mvua inayosubiri watu watoke nje. Mpaka leo hawajaandikiana amani. Kwa mzee yeyote wa Kisarawe hali hiyo haitishi. Hao wameiva kwa utani, wamekosa mtu wa kuwafungulia. Badala ya kuwatumia wazee wawili na kanzu safi, mmewatumia manowari.

2. MNAITA POLISI MAZIKONI.

Mtani wangu mkuu hapa Johannesburg anaitwa Msabila, Mnyamwezi wa Urambo. Anauza chaja na vioo vya simu katika kibanda mjini, karibu na stendi ya teksi. Tunaishi fleti moja: Dada Zubeda na Nusaiba chumba kikubwa, na kile kingine kimegawanywa kwa ubao, huku mimi, kule yeye. Kila asubuhi hugonga ubao na kuniamkia, "Maiti yangu, umeamka?" Namjibu kwamba nimeamka ili nisimpe nafasi ya kurithi viatu vyangu. Ndipo siku inaanza.

Mwaka juzi alifariki Mzaramo mwenzangu, Mzee Kibwana, fundi viatu. Tukampeleka makaburini. Maiti imefika, dua zimesomwa, watu wanataka kuzika, kumbe Msabila ameshaingia kaburini amelala chali, anatafuna hindi la kuchoma. Akasema kaburi ni lake. Akasema Kibwana amemkoromea miaka kumi kwa nyuma ya ukuta, na sasa anataka kwenda kukoroma peponi bila kuomba radhi. Hatoki mpaka apewe kofia ya marehemu.

Sisi tunajua. Lakini wachimba kaburi wa pale, vijana wa Soweto, hawakujua. Wakasema eish, wakatupa majembe wakakimbia. Mmoja akapiga simu polisi. Polisi wakaja na bunduki, wakamkuta mtu mzima amelala shimoni na hindi, na upande mwingine mimi nimesimama naahidi kumfukia yeye kwanza. Wakamtoa kwa nguvu. Wakamfuta udongo. Wakatuomba tupeane mikono, wakaondoka wakijua wameleta amani.

Hawakumwona mjane, aliyekaa na wanawake garini kando ya makaburi. Mjane wa Kibwana alikuwa hajafumbua mdomo tangu mumewe akate roho, wala chozi halijamtoka. Hindi lile lilipoonekana alicheka, na kicheko kilipomaliza njia yake ndipo akalia, akalia vizuri, mpaka wanawake wakasema alhamdulillahi, sasa atapona. Wale polisi walidhani wanamtoa mhalifu shimoni, kumbe walikuwa wanatoa dawa.

Mheshimiwa, Baraza lako ndio wale polisi.

Hata jirani yetu Mamie, Mkongomani wa Lubumbashi, msusi wa mlango wa pili, mwanzoni alikuwa hivyo hivyo. Alimsikia Msabila akinipimia sanda ukumbini kwa utepe wa fundi, akaja mbio na Biblia. Akaniambia, "Mais papa, huyu mutu anakuombea lufu na weye unacheka?" Nilimweleza sheria yetu. Akafikiri, kisha akasema kama ndivyo, basi na wao watafutiwe watani, maana udongo wa bomu la kwanza la dunia ulichimbwa kwao Katanga, na hawakurudishiwa hata balbu. Hoja hiyo nimeileta kama nilivyoipokea, gharama ya usafirishaji ni yangu.

3. VIKWAZO VYENU HAVIFANYI KAZI, NAMI NIMEVIJARIBU NYUMBANI.

Hapa naomba mkae vizuri, kwa sababu nageuka.

Huyu Msabila niliyemsifia hapo juu si yule tena. Amejifungia nyuma ya ubao wake na anamiliki silaha. Silaha yenyewe ni kipande kifupi cha video kilichomo katika simu yake, ile yenye kioo kilichopasuka. Yaliyomo ndani yake ni siri ya ulinzi na sitayaandika hapa, kwa kuwa barua hupita mikono mingi. Itoshe kusema kwamba silaha hiyo inanilenga mimi, na kwamba wanaoipata hawabaki wamesimama.

Amekwishaifanyia majaribio. La kwanza lilikuwa la masafa mafupi: alimwonyesha Mamie. Mamie alimwangukia mteja kichwani na msuko ukaharibika. Tangu siku hiyo tukipishana kwenye ngazi ananiuliza kwa upole, "Papa, ni kweli weye haiko Mumarekani?" La pili lilifika chini barabarani, kwa Mhabeshi wa spaza, kiduka cha mtaani, ambaye hajui neno hata moja la Kiswahili, na bado alielewa yote. Sasa nikienda kununua mkate ananiongezea peremende, kama mtoto aliyefiwa. La tatu lilirushwa mezani, mchana, tunakula. Simu ilitoka mkononi kwa Msabila ikaenda mpaka kwa Nusaiba, ikapita moja kwa moja juu ya bakuli la mchuzi la Dada Zubeda. Dada Zubeda akawa Japani. Nusaiba alitazama, akasema "Uncle, shame," ambayo kwa watu wa hapa ni pole, akaondoka mezani amejiziba mdomo kwa mtandio.

Nikachukua hatua. Nilimwekea vikwazo vifuatavyo:

(a) Sisemi naye. Anapogonga ubao asubuhi, nanyamaza kama maiti kweli.

(b) Nilibadilisha neno la siri la Wi-Fi. Neno nililoweka lilikuwa gumu sana, na mimi mwenyewe sikulikumbuka tena, kwa hiyo kwa siku kadhaa fleti nzima ilikuwa Korea ya Kaskazini. Nusaiba alilipata kwa kubahatisha. Lilikuwa jina langu.

(c) Maji ya moto. Nazima swichi ya gizeri akikaribia kuoga. Anaoga ya baridi na anaimba Kinyamwezi kwa sauti kuliko zamani.

(d) Jikoni nimebandika mkanda mweupe sakafuni kuonyesha mpaka. Jiko liko upande wangu. Kwa bahati mbaya kabati la chumvi limeangukia upande wake, na mkataba ni mkataba. Nimekula mchuzi wa maji matupu kuanzia Jumatatu hii ya sikukuu ya urithi, wakati mji mzima unachoma nyama.

Je, amedhoofika? Amenenepa. Nikachunguza, na hapa ndipo nilipowaelewa ninyi na taabu yenu. Kila penye vikwazo pana jirani mkubwa anayepitisha bidhaa mpakani huku anasema hajui kitu. Wa kwetu ni Dada Zubeda. Anampitishia sahani juu ya ubao, pilau, na nyama ya mfupa, ile iliyokuwa yangu. Nikamuuliza akasema yeye anafuta vumbi.

4. TAREHE YA KURUSHA IMEJULIKANA.

Nusaiba anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe saba Oktoba, ukumbini Mayfair. Baba yake ametangulia mbele ya haki, kwa hiyo tangu siku ya posa mimi mjomba ndiye msemaji wa upande wetu. Bwana harusi ni mtoto wa Alhaji mmoja wa Tanga, mtu mzito, mwenye duka la vitambaa. Siku ya posa nilimsimulia Alhaji habari ya majambazi, pole pole, na pale pa kuinamisha kichwa niliinuka nikamwonyesha. Alhaji alinisikiliza mpaka mwisho, uso umeiva, akasema anamshukuru Mungu mwanawe anaingia nyumba ya mashujaa. Kisha akaomba aonyeshwe choo haraka, nadhani ni sukari.

Maneno yale, Mheshimiwa, ndiyo mahari yangu mimi. Nimeishi mji huu miaka mingi nikiitwa baba na watu wasiojua jina langu. Siku ile kwa mara ya kwanza mtu mzima wa kwetu, mwenye kanzu na heshima zake, aliniita shujaa mbele ya mpwa wangu. Na Nusaiba alinitazama.

Sasa ukumbini pale pana kitambaa cheupe kikubwa, cha kuonyesha picha za maharusi walipokuwa wadogo. Na aliyepewa kazi ya mitambo ni nani? Ni Msabila, eti kwa sababu anauza chaja. Ameniambia kwa mdomo wake, kupitia ubaoni, kwamba baada ya picha za bibi harusi kutakuwa na "kipindi maalumu cha mjomba". Zaidi ya hapo kuna kundi la WhatsApp la Wazaramo, ambalo linafika mpaka Kisarawe kwa mama yangu mzazi. Hilo sasa si kombora la kuvuka mtaa. Hilo linavuka mabara.

Mtasema, Bakiri, si ulituambia utani hauna hatari? Ndiyo, niliwaambia. Wale wenu ni utani kwa sababu wana mabomu tu. Huyu wangu ana ushahidi.

5. MAFUNDI WA KUVUNJA WAPO NA HAWATUMWI.

Nchi hii ninayoishi iliwahi kutengeneza mabomu yake ya nyuklia na ikayavunja yenyewe, kwa hiari, kabla ya uchaguzi ule mkubwa wa 1994. Hakuna nyingine iliyofanya hivyo. Maana yake mafundi wa kuvunja wako hapa hapa, umbali wa nauli moja. Nilipiga simu ofisi moja Pretoria. Dada aliyepokea aliniuliza silaha ni ya aina gani, nikamwambia ni ya kioo, imepasuka pembeni, inahifadhiwa chini ya mto. Akaniuliza ina ukubwa gani, nikamwambia inaingia mfukoni. Akasema "sharp, baba, sharp," yaani sawa, akakata. Nilingoja kwenye roboti ya kona yetu alasiri nzima nikivizia magari ya serikali yasimame kwenye taa nyekundu. Yote yalipita na kijani.

6. KWA HIYO NAOMBA, tena kwa heshima zote:

Kwanza, mpitishe azimio lenye jina la Msabila, jina lake lote, ili hata akirudi Urambo likamkute.

Pili, mtume wakaguzi. Wakague chini ya mto, ndani ya soksi, na katika ile kofia ya marehemu Kibwana ambayo alipewa hatimaye na anaivaa Ijumaa. Wapande ngazi taratibu, ni ghorofa ya nane, na pale ya tano wasiguse ukuta, una umeme.

Tatu, siku ya harusi mlete walinda amani wenye kofia za buluu, wawili wanatosha, wakae kulia na kushoto kwa ile mashine ya picha. Pilau itakuwepo. Waje na viatu vya kuvua kwa urahisi.

Nne, Korea ya Kaskazini mfungue mlango kidogo, muwape watani wao, mkae pembeni mtazame. Kama hamna mtu wa kazi hiyo, nipo, Jumapili huwa sina zamu.

Na msipojibu, Mheshimiwa, mjue kwamba nami nitajitoa katika mikataba yote na kuanza kutengeneza ya kwangu. Malighafi ninayo. Niliwahi kuchungulia juu ya ubao nikamkuta Msabila analia kwa tamthilia ya Kifilipino, anafuta machozi kwa pazia. Nikiipata picha hiyo, dunia haitalala.

Nawasalimia wote hapo barazani, wale wa kudumu na wale wanaopokezana zamu. Wasalimieni wakalimani, maana barua hii itawapa kazi. Na huyo mlinzi anayesimama mlangoni kwenu akifungua mabegi, mpeni salamu zake peke yake, mwambieni Pazi wa Marshalltown anamjua hata kama hajamwona. Ninyi mkipiga kura na kupingana, yeye ndiye anayehakikisha hamjaingia na visu.

Ni mimi mwenzenu katika lindo,

Bakiri Pazi
Msimamizi wa Mlango Mkuu

Nakala: Dada Zubeda, kwa taarifa.
Alhaji, asipewe.
Msabila, asipewe kabisa.

NYONGEZA

Mheshimiwa, kabla sijabandika stempu barua imesomwa na Dada Zubeda, kwa kuwa bahasha zinakaa droo yake. Hakugomba. Aliweka kidole pale kwenye lalamiko la kwanza, penye sheria ile isiyo na kifungu cha pili, akaniuliza katika fleti hii nani amekasirika. Nilitafuta jibu katika pande zote nne za jikoni, pamoja na upande wa chumvi.

Kisha akaniambia jambo ambalo angeniambia zamani angeniokolea wino. Kombora lilisharushwa. Alhaji alikuwa nalo katika simu yake kabla hata ya posa, amemwonyesha mkewe, mkewe amewaonyesha Tanga nzima. Nilipokuwa nimesimama mbele yake nainamisha kichwa kuikwepa risasi, yule mzee alikuwa anauma ulimi. Na bado alisema nyumba ya mashujaa. Nilimuuliza dada kwa nini aliyasema yale. Akanijibu kwamba labda alikuwa anatafuta mtani.

Wakati tunasema haya Msabila alikuwa nyuma ya ubao, na ubao wetu hauzuii kitu. Akagonga. Akasema, "Maiti yangu, ukifa na hasira hizi, nani atalala kaburini kwako?"

Mimi ni mtu wa majibu, kama mlivyoona. Nilibandua mkanda sakafuni nikaenda kuomba chumvi.

Basi azimio la Msabila lifuteni. Wenye kofia za buluu wabaki kwenu. Mitambo ya ukumbini ataishika yeye, na kipindi maalumu cha mjomba kitakuwepo, baada ya picha za bibi harusi na kabla ya pilau, ili watu wasipaliwe. Kuhusu zile nchi, siwezi tena kuwashauri. Nimeona jinsi mtani anavyoweza kununa, na mimi sikuwa hata na bomu.

Au nilikuwa nalo. Dada amesema hatanipa bahasha mpaka niandike, na nimeandika kwa ufupi. Jumapili ile baada ya Idd hapakuwa na majambazi. Niliachiwa maharage kwenye sufuria ya presha, nikaambiwa niyaangalie. Nilikuwa nimetoka kuoga, nimejifunga kanga ya dada, televisheni ikatangaza kwamba wale wa Korea wamelipua bomu kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Nikasimama kusikiliza. Mfuniko ukafyatuka jikoni. Mimi nilijua ni Berea imepigwa. Nilishuka ghorofa zote nane nikitoa shahada, nikaingia uvunguni mwa teksi iliyoegeshwa, na pale chini nikawa naiomba nchi ile radhi kwa sauti: mimi si Mmarekani, mimi ni Mzaramo, hata viza ya kwenda Marekani nilinyimwa. Msabila alikuwa anarudi na mkate. Hayo ndiyo yaliyomo katika video. Yasiyomo ni kwamba kanga ilikuwa imebaki ngazi ya tatu, na kwamba alipomaliza kunipiga picha alivua koti lake akanifunika, akanipandisha juu amenishika mkono, na mpaka mlangoni hakunitania hata mara moja.

Wakaguzi wenu kama wameshakata tiketi, waje tu, wao ni wageni wetu. Ila wakae sebuleni. Pale kwenye tundu la dari haragwe moja bado limeganda, na mtu mrefu akiinua macho analiona.